Moto Huzaa Jivu; na Jivu Nalo Huzaa Nini?

Wahenga walisema moto huzaa jivu. Msemo huo hutumiwa kumsema mzazi hodari aliyejaliwa mtoto goigoi, nao umekaa vinywani mwetu, bara na visiwani, kwa muda mrefu hata hatujiulizi tena maana yake ya asili. Lakini katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika nchi ya Kibondo na Kasulu, maana hiyo ya asili hurudi kila mwaka kiangazi kinapoingia. Moto hupita milimani, jivu hubaki. Kisha jivu lenyewe nalo huzaa. Mahali pengine huzaa msitu. Mahali pengine huzaa nyasi tupu, na nyasi hizo mwaka wa pili huuita moto mwingine. Tofauti baina ya hapa na pale si bahati, wala si jambo ambalo mwanadamu hana uwezo nalo. Kwa sehemu kubwa, tofauti hiyo ni mwezi ambao moto uliwashwa.

Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, mbele ya wasomaji wetu wa visiwani, ambao wengi wao hawajapata kuiona nchi hiyo, na mbele ya viongozi na watumishi wa Serikali, ambao kalamu zao zina sehemu kubwa katika kuuamua mwezi huo.

NCHI YA MAKORONGO

Buha, yaani nchi ya Waha, imepakana na Burundi, nayo imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Barabara zake nyingi hufuata migongo ya vilima, na vijiji navyo vimejipanga huko huko juu, pamoja na migomba, maharage na mihogo yake. Msafiri anayepita kwa gari huiona nchi ya mawimbi ya kijani au ya kahawia, kulingana na majira, akadhani ameiona yote. Kumbe ameona nusu. Nusu ya pili imejificha chini, katika makorongo ambayo mito imeyachimba ndani ya miamba ya mchanga mgumu, mengine yakiwa na magenge yaliyosimama wima pande zote mbili na kijito chembamba kikipita katikati.

Maji ya nchi hii huenda safari ya ajabu. Mto Malagarasi huanzia katika milima ya mpakani na Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika kwa mruko wa ndege. Badala ya kuteremka ziwani moja kwa moja, mto huo huelekea kwanza kaskazini-mashariki ukiufuata mpaka, kisha hujipinda kusini, huingia katika mabwawa makubwa ambako hupokea maji ya Muyovozi, halafu hugeuka magharibi, hupita Uvinza penye chumvi, ndipo hatimaye huingia ziwani baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 475. Mabwawa hayo ya Malagarasi na Muyovozi yaliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu chini ya Mkataba wa Ramsar, yakawa ya kwanza katika Tanzania. Kwa hiyo kijito kidogo katika korongo la Kibondo si mali ya kijiji kimoja tu. Ni mshipa wa mwili mkubwa.

Wala Buha si nchi ya kigeni kwa watu wa visiwani. Njia ya misafara ya karne ya 19, iliyoanzia Bagamoyo mkabala wa Unguja, ilikwenda kuishia Ujiji. Na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilifuata fikira ile ile ya kuiunganisha pwani na ziwa. Mbao za mninga zinazotengenezewa vitanda na makabati ya maharusi hutoka katika misitu ya aina hii ya magharibi ya nchi yetu. Mtu anayelala juu ya kitanda cha mninga, haidhuru awe Mkunazini au Wete, ana habari ya kuuliza juu ya moto wa Kigoma.

MGONGONI KWA MLIMA

Basi tushuke pamoja, ndugu msomaji. Tuseme moto umepita Septemba, nasi tumefika Novemba, wiki chache baada ya mvua za kwanza. Asubuhi ni ya baridi, na wenyeji tunaokutana nao njiani tunawaamkia kwa Kiha: mwakeye. Juu ya mgongo wa mlima ardhi ingali nyeusi. Mashina yameungua kutoka chini hadi kimo cha mtu, na harufu ya jivu lililolowa imetanda kila mahali. Mgeni akiona hayo husikitika, husema msitu umekufa.

Lakini na apige magoti atazame chini. Pembeni mwa kila kisiki yamechipuka majani machanga, tena si ya kijani bali mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Hii ni misitu ya miyombo, ambayo imeenea kutoka kwetu hadi Zambia, Kongo, Angola na Msumbiji. Miti yake imeujua moto kwa maelfu ya miaka. Sehemu kubwa ya uhai wake haimo katika shina tunaloliona, bali katika mizizi iliyo chini ya udongo ambako joto la moto halifiki. Moto ukichukua kilicho juu, mizizi husukuma machipukizi mengine.

Mninga watufundisha zaidi. Mbegu yake ikiota, mche mdogo hutokeza, huishi msimu mmoja wa mvua, kisha kiangazi au moto huua kila kilicho juu ya ardhi. Mwaka wa pili huota tena, hufa tena. Huendelea hivyo kwa miaka mingi, pengine 10 au zaidi, na mpita njia aweza kudhani kwamba ni kijimea kisicho na thamani. Lakini wakati wote huo mzizi wake unanenepa gizani. Siku mzizi utakapokuwa na akiba ya kutosha, mche huo huchupa juu kwa haraka, huipita nyasi, na ganda lake huanza kuwa nene. Hapo ndipo mti wa mninga huanza kuhesabiwa. Mche wa kitaluni ulioletwa kwa gari hauna mzizi wa namna hiyo. Huo mwingine tayari umekwisha kufanya kazi ya miaka mingi bila kulipwa, nasi twaukanyaga tukienda kuchimba mashimo ya kupandia mwingine.

UBAVUNI

Tunaposhuka ubavuni mwa korongo mambo hubadilika. Hapa miamba hujitokeza, na kila mwamba ni ngao. Nyuma yake zimebaki nyasi ambazo moto haukuzigusa, na miti michache yenye majani kamili. Pimbi hujificha katika nyufa. Hapa pia wafuga nyuki hupenda kutundika mizinga yao, kwa kuwa miti ya miyombo huchanua maua karibu na majira ya mvua, na asali ya nchi hii imekuwa chakula, dawa na fedha za Waha tangu zamani. Moto wa Septemba huwakuta nyuki pabaya: huunguza machipukizi na maua ambayo nyuki wangeyatembelea, na mara nyingine huunguza mzinga wenyewe.

Lakini hasara kubwa ya ubavuni huja baada ya moto kuzimika. Jivu ni mbolea. Kila mkulima analijua hilo. Penye tambarare mvua hulichanganya na udongo, na mimea huneemeka. Penye mteremko, ambapo nyasi zimeteketea na mizizi yake haijapata kushika upya, mvua kubwa ya kwanza huchukua jivu pamoja na udongo wa juu na kuvipeleka mtoni. Maji ya korongo yaliyokuwa maangavu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Udongo huo haurudi. Utakwenda kutulia katika mabwawa ya Malagarasi, au utafika penye mitambo ya umeme ya mto huo, mradi wa megawati zipatazo 50 ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia fedha mwaka 2020. Shilingi inayotumika kuzuia moto milimani ni shilingi inayookolewa mtoni.

BONDENI

Sasa tumefika chini kabisa. Hapa pana msitu mwingine, wala si ndugu wa ule wa juu. Mikuyu imesimama na mizizi yake ndani ya maji. Mikindu imejazana ukingoni, ile ile ambayo ukindu wake akina mama wa Unguja na Pemba husukia mikeka. Kuna kivuli mchana kutwa, na majani yaliyoanguka hukaa na unyevu hata katika kiangazi. Katika sehemu za mkoa huu ambako sokwe bado wanaishi, mabonde ya namna hii ndiyo makao na njia zao.

Miti mingi ya bondeni haikuzoea moto. Ganda lake ni jembamba, maana haikuwahi kuhitaji ngao. Unyevu ndio uliokuwa ngao yake. Moto unaoshuka kutoka mgongoni hufika ukingoni, hukuta ubichi, hufa wenyewe. Lakini kiangazi kikisogea hadi Septemba au Oktoba, hata majani ya bondeni hukauka. Hapo moto huingia. Hauingii kwa kishindo. Hutambaa polepole chini, mwali wake haufiki hata gotini, na mtu aweza kudhani kwamba haudhuru kitu. Walakini mwali huo mdogo watosha kuua mti wenye ganda jembamba, ijapokuwa mti wenyewe utachukua mwaka mzima kukauka na kuanguka.

Mti ukianguka, jua huingia. Jua likiingia, nyasi huota mahali ambapo hazikuwapo. Na nyasi zikikauka mwaka unaofuata, moto hupata njia ya kwenda ndani zaidi. Wanawake wetu wataelewa upesi tukisema kwamba msitu wa bondeni ni kama kanga: ina pindo na ina mji. Pindo likianza kufumuka na lisishonwe, haupiti muda mrefu kabla ya mji wenyewe kuchanika. Makorongo yanayopona ni yale ambayo pindo lao limebaki zima. Ambayo pindo lake limekwisha, mgongo wake wa mlima utachipua kwa majani mekundu kila mwaka, na bonde lake litazidi kukonda.

MWEZI WA MOTO

Baadhi ya watu husema: basi tupige marufuku moto wote. Neno hilo ni rahisi kuandikwa na gumu kutekelezwa. Nchi ambayo haijaungua kwa miaka kadhaa hujaa nyasi kavu na majani makavu, na siku cheche itakapoanguka, moto utakaozuka utakuwa mkali kuliko ile yote iliyozuiwa.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Huko Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, majaribio ya kuchoma misitu ya miyombo yalianzishwa katika miaka ya 1930. Eneo moja lilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa hazijakauka sawasawa. La pili lilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. La tatu halikuchomwa kabisa. Mtaalamu C. G. Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959. Palipochomwa kwa kuchelewa, msitu ulikuwa umekwenda ukigeuka mbuga ya nyasi yenye miti michache sugu. Palipochomwa mapema, msitu wa miyombo ulidumu. Pasipochomwa, palianza kuota kichaka kizito cha namna nyingine. Moto ni ule ule, ardhi ni ile ile. Kilichotofautisha msitu na mbuga ni kalenda.

Na sababu yake tumeiona kwa macho tulipokuwa tukishuka. Moto wa Mei au Juni hukuta nyasi nusu mbichi, hutembea kwa mabaka, hauna joto la kuua miche, na unapofika bondeni hukuta unyevu ukazimika. Kisha mabaka hayo yaliyoungua huwa kinga: moto wa Septemba ukija haupati cha kula. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukiziondoa kinga mapema, umemwondolea moto mwenziwe wa kushirikiana naye.

Wala tusijidai kwamba Serikali daima ndiyo iliyojua na wananchi ndio wasiojua. Wakati wa ukoloni, huko Shinyanga, ni Serikali yenyewe iliyopanga mioto ya mwisho wa kiangazi ili kuangamiza vichaka vya mbung'o. Katika miaka hiyo ya 1930 Waha wengi walikusanywa katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamishia watu vijijini. Kila mara watu walipohamishwa, makorongo waliyoyaacha nyuma yalibaki bila macho ya kuyatazama, na moto ulioanza huko haukuwa na wa kuuzima.

NANI ALAUMIWE?

Kila korongo linapoungua hutafutwa mtu wa kulaumiwa, na aghalabu huwa mgeni. Wengine humlaumu mfugaji anayetaka majani mabichi, wengine mwindaji, wengine mrina asali na mwenge wake, wengine mkata mkaa. Wengi wamewalaumu wakimbizi. Ni kweli kwamba mkoa huu umebeba mzigo mzito: Warundi walikimbilia huku mwaka 1993 na tena mwaka 2015, na Wakongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu mwaka 1996. Maelfu kwa maelfu ya watu waliohitaji kupika kila siku walihitaji kuni kila siku, na misitu iliyozizunguka kambi ililipa gharama. Lakini kukata kuni si sawa na kuwasha mlima, na makorongo yaliyo mbali na kambi yote nayo yameungua. Anayemlaumu mgeni hupumzika. Hajiulizi yeye mwenyewe alisafisha shamba lake mwezi gani, wala kama alikaa na moto wake mpaka ulipozimika.

YATUPASAYO

Kwa hiyo tuna maneno matatu kwa watumishi wa Serikali, nayo twayasema kwa heshima.

La kwanza ni kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti na vibali juu ya uchomaji wa uoto, na hilo ni jema. Lakini kibali nacho kina majira yake, kama mbegu. Mwanakijiji akiomba Mei, na karatasi ikazunguka mezani hadi Agosti, Serikali itakuwa imeruhusu moto ule ule iliotaka kuuzuia. Au huyo mwanakijiji atachoka kungoja, atawasha usiku na kukimbia, na moto uliowashwa kwa kukimbia hauna mlinzi. Vibali vya moto wa mapema na vitolewe karibu na wananchi, tena vitolewe kabla nyasi hazijakauka.

La pili ni miche. Twapenda sherehe za kupanda miti. Kuna hotuba, kuna picha, kuna hesabu ya miche ya kupeleka katika taarifa. Lakini mgongoni kwa mlima wa Kibondo msitu umekwisha kupandwa, nao umo ardhini. Unaomba miaka kadhaa ya kuachwa bila shoka na bila moto wa Septemba. Katika vijiji vilivyo karibu na Gombe, mradi wa TACARE ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 ulionyesha kwamba vijiji vikitenga ardhi na kuviacha visiki vyake vichipue, vilima vilivyokuwa na upara hurudi kuwa msitu. Kama ni lazima kupanda, basi tupande bondeni, ukingoni mwa maji, palipofumuka pindo, na tupande miti ya asili ya mahali pale.

La tatu ni mwenye mali. Sheria hiyo hiyo inatambua misitu ya hifadhi ya vijiji. Kijiji chenye msitu wake, asali yake, uyoga wake wa masika na mapato yake ya mbao zilizovunwa kwa kipimo, hakihitaji askari wa kukiambia akazime moto. Kijiji kilichoambiwa kwamba msitu si wake kitautazama ukiungua kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani aliyemnyima maji.

Na wasomaji wetu wa visiwani wasidhani haya ni ya Waha peke yao. Katika uwanda wa mawe wa kusini na mashariki ya Unguja, ambako udongo ni kiganja kimoja juu ya jiwe, vichaka hukatwa na kuchomwa ili kulima, kisha huachwa vipumzike. Zamani mapumziko yalikuwa marefu. Watu wameongezeka, na mapumziko yamekuwa mafupi. Swali la makorongo ya Kasulu na swali la uwanda wa Makunduchi ni moja: je, tunaipa ardhi muda wa kumaliza kazi yake?

Katika makorongo ya Buha kuna miche ya mninga ambayo imekwisha kuungua mara tano, mara sita, mara saba, na mizizi yake ingali hai. Hakuna kamati inayoijua idadi yake, wala haitajwi katika taarifa yoyote. Mwaka huu baadhi yake ingekuwa tayari kuchupa juu na kuipita nyasi. Itachupa, au itarudi tena chini kuanza upya, kwa kutegemea kama kibali kilitiwa sahihi Mei au kiliachwa mezani hadi Septemba.